Kufufua injini ya pikapu kuukuu: Pima kwanza, nunua baadaye

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa magari madogo ya mizigo, maarufu kama pikapu, hutegemea gari moja kulisha familia, kusomesha watoto na kulipa madeni. Injini inapochoka, mapato husimama siku hiyo hiyo, lakini matumizi hayasimami. Hapo ndipo mwenye gari hujikuta mbele ya fundi, akiwa na fedha chache na orodha ndefu ya vipuri asivyojua umuhimu wake.

Makala haya yanaeleza hatua za kuiunda upya injini kuukuu kwa mtu mwenye bajeti finyu. Mfano unaotumika ni injini ya dizeli ya Toyota aina ya 2L, iliyofungwa katika pikapu nyingi za Hilux tangu miaka ya 1980 na ambayo bado iko barabarani katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, na kila silinda ina kipenyo cha milimita 92. Hata hivyo, kanuni zinazoelezwa hapa zinafaa pia kwa injini nyingine za aina hiyo.

Jambo kubwa la kuzingatia ni moja. Katika kazi hii, fedha nyingi hupotea pale vipuri vinaponunuliwa kabla injini haijapimwa.

Dalili na uchunguzi wa awali

Si kila injini inayotoa moshi inahitaji kufunguliwa. Moshi wa buluu huashiria kuwa oili inaungua ndani ya silinda, ama kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa, ama kwa sababu oili inapenya kwenye vali. Moshi mweusi huonyesha dizeli ni nyingi kuliko hewa. Chanzo chake huweza kuwa chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huweza kutokana na dizeli isiyoungua vizuri, au maji yanayoingia katika silinda.

Kwa hiyo, anza na mambo ya gharama ndogo. Safisha au badilisha chujio la hewa, peleka nozeli zikapimwe, kagua nafasi za vali, na hakikisha betri na plagi za kupasha moto zinafanya kazi. Wapo waliofungua injini nzima, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye nozeli.

Hatua inayofuata ni kupima mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Kwa injini ya dizeli hutumika geji maalumu inayostahimili shinikizo kubwa. Ile ya injini ya petroli haifai. Silinda zote zikiwa na vipimo vya chini vinavyokaribiana, yaelekea injini imechakaa kwa jumla. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, huenda ni vali, gasketi au pistoni ya hapo tu.

Tahadhari: desturi ya kumimina oili ndani ya silinda ili kujua kama tatizo ni ringi, ambayo hutumika kwa injini za petroli, isitumike kwa dizeli. Nafasi iliyopo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili ikizidi huweza kupinda konrodi.

Kufungua kwa utaratibu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulegeza nati ya kwanza, osha injini kwa nje, kisha piga picha za mipira, nyaya na mabomba kwa simu yako. Boliti za kila sehemu ziwekwe katika mfuko wake na kuandikwa jina.

Vipo vipuri ambavyo kamwe visichanganywe. Kofia ya kila konrodi ni ya konrodi yake tu, kwa kuwa zilichongwa pamoja kiwandani. Hali kadhalika, kofia zinazoshika krenki zirudi mahali pake na upande wake. Zitie alama kwa namba kabla ya kuzitoa. Vali nazo zipangwe kwa mfuatano, kwani kila moja imezoeana na kiti chake.

Boliti za silinda hedi hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kuzifungua ovyo huweza kuipinda hedi ambayo ilikuwa nzima.

Vipimo ndivyo vinavyoamua

Injini ikishafunguliwa na kusafishwa, ndipo kazi muhimu kuliko zote huanza. Kama huna vifaa vya kupimia, peleka bloku, krenki na hedi kwenye karakana ya kuchonga inayoaminika. Gharama ya kupima ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kununua pistoni zisizohitajika.

Silinda hupimwa mahali patatu: juu, katikati na chini, tena kwa pande mbili, kwa sababu hailiki sawasawa. Sehemu ya juu, ambako joto na shinikizo ni kubwa, ndiyo hulika zaidi. Tuseme silinda ya milimita 92.00 imefikia 92.08 na haina mikwaruzo. Huenda ikatosha kuisugua kwa mawe maalumu na kufunga ringi mpya, ili mradi kipimo kimo ndani ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Lakini ikiwa imefikia 92.28, hakuna njia ya mkato. Itabidi ichongwe na kufungwa pistoni kubwa zaidi za nyongeza ya milimita 0.50.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua pistoni za nyongeza hiyo mapema, halafu kipimo kinaonyesha silinda hazikuhitaji kuchongwa, au zimeharibika kiasi cha kuhitaji nyongeza kubwa zaidi. Utaratibu sahihi ni kupima, kisha kununua pistoni, kisha kuzipeleka pistoni hizo kwa mchongaji ili achonge kila silinda kulingana na pistoni yake. Silinda hupaswa kuwa kubwa kidogo kuliko pistoni, na nafasi hiyo haiwezi kukisiwa kwa macho.

Krenki nayo hupimwa kwa maikromita. Ikiwa shingo zake ni za mviringo kamili na hazina mikwaruzo, husafishwa na kufungwa beringi za kipimo cha awali. Zikiwa zimelika, huchongwa kwa milimita 0.25 au 0.50, na beringi hununuliwa kwa kipimo hicho hicho. Mafundi wengi huviita vipimo hivyo kumi na ishirini, kwa hesabu ya sehemu za elfu za inchi.

Silinda hedi ndiyo kipuri cha kuogopwa zaidi katika injini hii, hasa kama gari limewahi kuchemsha. Ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji kuona kama imepinda, kisha ijaribiwe kwa shinikizo ili kubaini nyufa. Zitazamwe kwa makini sehemu zilizo baina ya viti vya vali. Hedi yenye ufa unaovujisha maji itaharibu kazi yote iliyofanyika chini yake.

Wapi ubane, wapi usibane

Bajeti finyu haimaanishi kununua kila kitu cha bei ya chini. Maana yake ni kujua kipi kinaweza kutumika tena na kipi hakiwezi.

Vinavyoweza kutumika tena, baada ya kupimwa na kuonekana vizima, ni bloku, krenki, konrodi, kemshafti, pampu ya oili na vali. Vali zilizochakaa kidogo husagwa kwa mikono kwenye viti vyake mpaka zizibe barabara. Rejeta ikizibuliwa na kuoshwa huweza kudumu miaka mingine.

Visivyofaa kubaniwa ni ringi, beringi, gasketi, oili sili, chujio la oili, themostati, na mkanda wa taimingi pamoja na roli inayoukaza. Katika injini hii mkanda ukikatika, vali na pistoni hugongana, na kazi yote hurudi mwanzo. Kuacha mkanda wa zamani ndani ya injini mpya ni kubana shilingi na kupoteza laki.

Aidha, gasketi ya hedi ya injini za dizeli hutengenezwa kwa unene tofauti. Unene unaofaa hutegemea kiasi ambacho pistoni hujitokeza juu ya bloku inapofika kileleni. Gasketi nyembamba mno huweza kusababisha pistoni kugusa hedi. Nene mno hupunguza mgandamizo, na gari likawa gumu kuwaka asubuhi.

Jihadhari pia na vipuri bandia. Kabla ya kulipa, linganisha kipuri kipya na cha zamani kwa umbo, uzito na alama, na pata stakabadhi inayoruhusu kurudisha kisipooana. Muuzaji anayekataa sharti hilo si wa kumwachia akiba yako.

Kugawa fedha

Gawa bajeti yako katika mafungu manne: kuchonga, vipuri, ufundi, na vimiminika kama oili na maji ya rejeta. Kisha tenga akiba, walau sehemu moja kwa tano ya jumla, kwa ajili ya mambo yatakayojitokeza baada ya kufungua. Yatajitokeza.

Patana na fundi kwa maandishi. Andikeni kazi zitakazofanyika, malipo ya kila hatua, na kwamba vipuri vya zamani vyote vitarudishwa kwako. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya gari kutembea, si baada ya kuwaka tu.

Endapo fedha zitakatika katikati, usikubali injini ifungwe na vipuri chakavu ili tu gari liondoke gereji. Paka oili kwenye silinda, krenki na kemshafti, funika kwa nailoni, na hifadhi mahali pakavu. Injini iliyohifadhiwa vizuri itasubiri, ila iliyofungwa vibaya itakurudisha gereji kwa gharama maradufu.

Kufunga na kuwasha

Usafi ni nusu ya kazi. Silinda ikishachongwa au kusuguliwa hubaki na unga wa mawe usiotoka kwa petroli peke yake. Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua, suuza, kausha na upake oili papo hapo. Njia za oili katika bloku na krenki zipitishwe brashi na upepo.

Kila ringi itiwe kwanza ndani ya silinda yake peke yake, na uwazi wa ncha zake upimwe kwa fila geji. Uwazi ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto hutanuka, ncha zikagongana na kuikwaruza silinda. Zinapofungwa kwenye pistoni, nyazi hizo zisielekee upande mmoja.

Baada ya kukaza kila kofia ya krenki, zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, simama utafute sababu kabla ya kuendelea. Boliti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, na za hedi huanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Mkanda wa taimingi ukishafungwa, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili na uhakikishe alama zimerudi mahali pake.

Kabla ya kuwasha, kata dizeli na uizungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Injini ikiwaka, tazama shinikizo la oili, joto na uvujaji. Usiiache ikinguruma bila mzigo kwa saa nyingi kama baadhi wanavyofanya. Ringi hukaa vizuri injini inapofanya kazi ya wastani. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo, epuka mizigo mizito na mwendo mmoja wa muda mrefu, kisha badilisha oili na chujio, na upime upya nafasi za vali.

Au ununue injini ya mtumba?

Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue injini iliyotumika kutoka nje ya nchi. Njia hiyo ni ya haraka, na hufaa pale bloku inapokuwa imepasuka, au krenki, hedi na pistoni zote zikiwa zimeharibika kwa pamoja. Tatizo lake ni kwamba historia ya injini hiyo haijulikani. Ukiichagua, ipime mgandamizo kabla ya kulipa, badilisha mkanda na oili sili kabla ya kuifunga, na ripoti namba mpya ya injini kwa mamlaka ya usajili ili ilingane na kadi ya gari.

Kwa mwenye bloku nzima na krenki nzima, kuunda upya kuna faida moja kubwa: kila kipimo unakijua na kimeandikwa. Hifadhi daftari hilo ndani ya gari. Siku fundi mwingine atakapoifungua injini hiyo, hatahitaji kukisia ukubwa wa pistoni wala beringi, nawe hutalipia makisio yake.