Owino Misiani: Nyumba Iliyokataa Gita Ndiyo Iliyomlea Mwimbaji

Daniel Owino Misiani husimuliwa zaidi kama mtoto aliyeasi. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika, kusini kidogo ya mpaka wa Kenya. Baba yake na mama yake wote walikuwa waimbaji, na wote walikuwa watu wa dini ambao hawakutaka gita ndani ya nyumba yao. Kijana akashika njia, akavuka kuja Kenya, na mnamo 1965 akaanzisha kundi ambalo, baada ya kubadili majina mara kadhaa, lilikuja kuvuma kama Shirati Jazz. Hadithi hiyo inapendwa kwa sababu ni fupi na ina ugomvi ndani yake. Lakini inatufanya tuamini kwamba muziki wa Misiani ulianzia siku alipoikimbia nyumba ya wazazi wake, na hapo ndipo ninapoikataa. Ushahidi wa nyimbo zenyewe unaonyesha kwamba alitoka nyumbani na kila kitu alichokihitaji isipokuwa chombo cha kupigia.

Jina la bendi lisitupoteze. Afrika Mashariki miaka ile kundi lolote la magita liliweza kujiita jazz, iwe Morogoro Jazz, Western Jazz au Victoria Jazz ya huku kwetu. Muziki wenyewe ni benga, na benga ina utaratibu wake. Mwimbaji anatoa mstari, na gita la solo linaudaka na kuurudia kwa sauti ileile inayopanda na kushuka, kana kwamba nyuzi nazo zinatamka Kijaluo. Bezi haikai chini kwa unyenyekevu. Inarukaruka na kusukuma wimbo mbele. Maneno yakishamalizika ndipo magita yanapoachiwa, mwendo unakolea, na wachezaji wanajimwaga uwanjani. Kwenye santuri ndogo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi ilibidi uigeuze ili kuupata mchezo uliokolea baada ya hadithi. Kwa hiyo gita la benga ni mtumishi wa sauti ya mtu. Mpigaji aliyekulia kati ya watu wawili wanaoimba hangelazimika kufundishwa jambo hilo na mtu wa nje.

Mtu anaweza kunipinga kwamba magita hayo yalitoka kwingine kabisa. Ni kweli kwamba santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga zilifika kila kona ya ukanda huu katika miaka ya 1950, na rumba ya Kongo ikafuata. Lakini santuri hizohizo zilichezwa Kampala na Dar es Salaam, na huko hazikuzaa benga. Huku kwetu, kando ya Ziwa Victoria, zilikuta nyatiti, chombo cha nyuzi 8 kinachopigwa na mtu aliyeketi kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, njuga zikilia mguuni, na yeye mwenyewe akisifu na kukemea watu kwa majina. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ikiwa nyatiti ni mali ya Wajaluo wote, basi nyumba ya Misiani haielezi lolote, kwa kuwa wapigaji wengine wa benga, akina Ogara, Collela Mazee na George Ramogi, nao waliipata. Nakubali kuhusu mdundo. Kuhusu maneno, sikubali. Wengi katika wenzake walisifu wapenzi, marafiki na wafadhili wa bendi. Misiani naye aliimba hayo, ila mashabiki walimpa cheo cha mfalme wa historia kwa jambo jingine: alisimulia mambo yaliyopita, akachukua visa vya Biblia, akawavika wanasiasa ngozi za wanyama. Katika “Bim en Bim”, wimbo wa miaka yake ya mwisho, nyani ndio wanaobeba lawama ya viongozi. Mtu anayemnyooshea kidole mkubwa kwa kutumia kisa kitakatifu au ngano amejifunza kazi hiyo mahali fulani, na nyumba ya waimbaji wacha Mungu ni mahali panapofaa sana kuijifunzia.

Atakayesema kwamba wazazi hao hawakumfundisha siasa atakuwa sahihi, lakini mtoto hurithi hata asichokabidhiwa. Mwana hutazama kisogo cha nina. Zaidi ya hayo, wakati wenyewe uliidai sauti ya namna hiyo. Baada ya tarehe 25 Oktoba 1969, polisi walipowafyatulia raia risasi mjini Kisumu siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, siasa katika nchi ya ziwa ikawa jambo la kusemwa kwa mafumbo. Misiani alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake, na akatishiwa kurudishwa Tanzania, yeye aliyekuwa akiimba kwa lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka. Mtu mwenye nia ya kustarehesha walevi tu angenyamaza baada ya kifungo cha kwanza.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani hapa Kisumu. Uingereza walishatoa albamu ya “Benga Blast!” mwaka 1989, na mwaka 2010 wakatoa mkusanyo wenye jina la cheo chake, “The King of History”. Sisi tulio karibu naye, kuanzia Milimani hadi Kaloleni na Nyalenda, tunazicheza nyimbo hizo kwenye sherehe na kuruka sehemu ya maneno ili tuwahi magita. Tunaacha kiini chake. Aliye na santuri za Shirati Jazz asizitupe wala kuziuza kwa wapita njia. Azinakili, aandike maneno ya Kijaluo jinsi yanavyoimbwa, na amtafute anayeweza kuyatia katika Kiswahili, ili msomaji wa Musoma, Mombasa au Bukavu ajue Misiani alikuwa anasema nini.