Chombo kikuu cha chumvi ni bomba la choo

Mtungi wa maji wa shosho hutoka jasho. Hiyo ndiyo siri yake: udongo una vitundu vidogo, maji yanapenya kidogo, upepo unayakausha, na yale ya ndani yanabaki baridi. Friji bila stima. Lakini jaribu kuweka siki humo miezi sita uone.

Wafinyanzi wa bonde la Rhine, Ujerumani, walitaka chombo kisichopenyeza kitu, na kufikia karne ya 15 walikuwa na ujanja ambao, kusema kweli, ni wazimu. Unapandisha tanuri hadi digrii 1,200 na zaidi, vyombo vinawaka rangi ya machungwa, halafu unarusha chumvi ndani. Chumvi ya kawaida tu, ile ya chipsi! Inageuka mvuke papo hapo, sodiamu inashikana na silika ya udongo, na ngozi ya chombo inakuwa kioo. Hakuna kupaka, hakuna kuchovya. Ukiigusa ina vivimbe vidogo kama ganda la chungwa.

Na klorini je? Inatoka na moshi ikiwa asidi. Majirani wanavuta.

Makumbusho yanapenda mitungi ya Cologne na Frechen, ile yenye uso wa mzee wa ndevu shingoni. Sawa, iko poa. Lakini mimi nasema kazi kubwa ya chumvi haikuwa mtungi. Ilikuwa bomba la choo.

Mwaka 1846 Henry Doulton alianza kutengeneza mabomba hayo Lambeth, London. Mji ulikuwa unakunywa uchafu wake wenyewe, na kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua maelfu. Bomba lenye ngozi ya kioo halivuji, asidi hailili, uchafu unateleza tu. Ni kweli mitaro mikubwa iliyojengwa baada ya ule uvundo wa 1858 ilikuwa ya matofali, lakini uchafu ulihitaji njia ya kutoka nyumbani hadi huko.

Kinachoniudhi ni hiki: mtoto wa Lambeth aliyekingwa na bomba ndiye alikuwa anavuta asidi ya tanuri lililolichoma. Nani alimuuliza? Sheria ya hewa safi ilikuja 1956, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na mwaka huohuo kiwanda cha Lambeth kikafungwa. Mabomba ya aina hiyo bado yako chini ya barabara za Uingereza, yanapiga kazi.