Fasihi ya Vita katika Mtihani wa Juu wa Kiingereza: Mfano wa Eldoret

Fasihi ya vita, kwa maana iliyozoeleka katika madarasa ya juu ya Kiingereza, ni fasihi ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Kiini chake ni mashairi ya askari kama Wilfred Owen, aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya mapigano kukoma Ulaya. Yafaa maana hiyo ipimwe kwa kutazama mahali pamoja: Eldoret, mji ulioanza mwaka 1910 penye shamba la walowezi lililojulikana kwa nambari 64, ambayo wenyeji waliitamka “Sisibo”.

Kabla ya mji huo kuwapo, vita vilikuwa vimekwisha kupita jirani. Wanandi walipambana na Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1905. Tarehe 19 Oktoba 1905 Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mazungumzo ya amani. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, watu wa Kenya walichukuliwa kuwa askari, na zaidi kuwa wapagazi. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Hata siku ya mwisho wa vita haikuwa moja: huku jeshi la Wajerumani lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mwaka 1923 Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alitiwa kizuizini, asiachiliwe mpaka mwaka 1964.

Lugha ya Kiswahili haikuyasahau hayo. Jina Kariakoo la Dar es Salaam, na mwenzake wa Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi. Neno “keya” ni ukumbusho wa jeshi la King's African Rifles. Isitoshe, huko Mrima vita na Wajerumani vilitungiwa tenzi na watu wa zama zile zile: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia vita vya pwani, na Abdul Karim bin Jamaliddini akasimulia vita vya Maji Maji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliirudia Maji Maji katika tamthilia ya Kinjeketile. Wanandi nao walihifadhi vita vyao kwa masimulizi na nyimbo. Lakini mtihani hutahini kilichopigwa chapa.

Juhudi za kubadili hali hiyo zinajulikana. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Mwaka 1974 mkutano wa walimu katika Nairobi School ulilipeleka suala hilo katika shule za sekondari. Wakati huo vita vya Mau Mau vilikwisha kupata riwaya zake kwa Kiingereza, kama A Grain of Wheat ya mwaka 1967 na Carcase for Hounds ya Meja Mwangi ya mwaka 1974. Vita vya Wanandi havikupata bahati hiyo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Maelezo ya Kiingereza yanayojulikana zaidi juu ya kifo cha Koitalel yamo katika shajara ya Meinertzhagen, iliyochapishwa mwaka 1957. Yaani shahidi wa maandishi ndiye muuaji. Watafiti wa baadaye wameutilia shaka sana ukweli wa maandishi yake. Basi kosa si kumsoma Owen. Mashairi yake humzoeza mwanafunzi kutoamini lugha ya fahari inayositiri maiti, na zoezi hilo ndilo linalohitajika kwa msomaji wa shajara ile. Kosa ni kulikomesha zoezi hilo kwenye mahandaki ya Ulaya, kana kwamba huku hapakuwa na maiti wala lugha ya kuwasitiri.

Mtihani wa kidato cha sita nchini Kenya ulifanywa mara ya mwisho mwaka 1989, baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Fasihi simulizi imeingia katika somo la Kiingereza la sekondari, na tangu mwaka 1984 Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi. Kisingizio cha umbali hakipo tena. Kazi iliyobaki ni kukusanya masimulizi ya vita vya uwanda huo kwa lugha yake, kuyafasiri kwa uangalifu, na kuyaweka mezani pamoja na shajara na mashairi, ili mwanafunzi ayapime yote kwa mizani moja.