Mafuriko na ukame Burundi: kwa nini kazi huanzia mlimani

Mutanga Nord ni mtaa wa Bujumbura ulio upande wa kaskazini wa mto Ntahangwa, katika tarafa inayoitwa kwa jina la mto huohuo. Umejengwa mahali pa juu, na ziwa Tanganyika linapofura halifiki huko. Hatari yake hutoka upande wa pili: katika korongo la Ntahangwa, ambalo kila msimu wa mvua hummega mwenye kiwanja kipande cha ardhi yake. Atakayetaka kuelewa namna Burundi inavyokabiliana na mafuriko, na hata na ukame, anaweza kuanzia kwenye ukingo huo.

Mto unaokula kingo zake

Mji wa Bujumbura umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mirwa. Kutoka ufukweni hadi kwenye vilele vya mashariki, vinavyozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni mwendo mfupi. Mvua inayonyesha huko juu huteremka kwa kasi kupitia mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingineyo, ikichukua udongo, mchanga na mawe. Misitu imepungua na mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, hivyo ardhi hainywi maji kama zamani.

Mjini nako mapaa, barabara na nyua zilizosakafiwa humwaga maji yote korongoni kwa wakati mmoja. Uchimbaji wa mchanga na mawe mtoni, ambao viongozi wameukataza mara kadhaa, huzidisha kumomonyoka kwa kingo. Matokeo yake ni kuta za udongo zinazoporomoka, zikivuta nyua, kisha nyumba. Chini zaidi, mto huohuo unapita kando ya Buyenzi, mtaa unaojulikana sana kwa wasemaji wa Kiswahili. Kinachoachwa bila kuzuiwa Mutanga Nord hupokewa huko.

Miaka isiyosahaulika

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliipiga mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ikiwemo Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walifariki na mamia ya nyumba yalibomoka. Mwaka 2020, mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuifunika Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Maelfu kwa maelfu ya wakazi walihama, na wengi wao waliishia katika kambi za mahema.

Msimu wa 2023 hadi 2024, ulioambatana na El Niño, ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba na barabara za ufukweni. Aprili 2024, serikali na Umoja wa Mataifa waliomba kwa pamoja msaada wa kimataifa. Watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika tangu Septemba 2023, na karibu watu 100,000 walikuwa wameyahama makazi yao.

Nani anafanya nini

Utabiri wa hali ya hewa ni jukumu la Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ambayo hushirikiana na kituo cha kikanda cha ICPAC nchini Kenya. Uratibu wa maafa uko chini ya Jukwaa la Taifa la Kuzuia Hatari na Kusimamia Maafa, lenye matawi katika mikoa na tarafa. Wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi huwa miongoni mwa wa kwanza kufika, nalo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huhesabu waliohama ili misaada ipangwe.

Sheria ya maji ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwa Tanganyika usioruhusiwa kujengwa. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, ni miongoni mwa wanaosimamia katazo hilo. Hata hivyo, majengo yamo ndani ya ukanda huo, na ziwa lilipopanda hayo ndiyo yaliyotangulia kuzama.

Ziwa nalo si la nchi moja. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Njia pekee ya maji kutoka ziwani ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo hakuna tarafa ya Bujumbura inayoweza kulishusha ziwa kwa uamuzi wake peke yake.

Ukame wa kaskazini

Wakati Bujumbura inalia na maji, Kirundo hulia kwa kuyakosa. Eneo hilo la kaskazini, lililowahi kuitwa ghala la chakula la Burundi, lilipata ukame mkali katikati ya miaka ya 2000, na familia nyingi zikavuka kwenda Rwanda kutafuta chakula na kazi. Hatua zilizozoeleka ni chakula cha msaada, mbegu zinazokomaa upesi na umwagiliaji mabondeni na kando ya maziwa kama Cohoha na Rweru.

Ukame huo humgusa mkazi wa Mutanga Nord pia. Bei ya maharage hupanda sokoni, na bwawa la umeme la Rwegura, lenye megawati 18, linapopungua maji, mgao wa umeme hufika hadi mjini.

Dawa moja kwa maradhi mawili

Mafuriko na madhara ya ukame huzidishwa na jambo moja: maji yanayoteremka kabla ardhi haijayanywa. Ndiyo maana mifereji inayochimbwa kukingama mteremko, inayoitwa imirwanyasuri kwa Kirundi, pamoja na miti ya mpango wa Ewe Burundi Urambaye ulioanzishwa mwaka 2018, huhudumia pande zote mbili. Mlimani hubakiza unyevu shambani, bondeni hupunguza kishindo cha mto. Mjini, kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya hushikilia kingo, lakini zisipotunzwa mto huzichimba kutoka chini.

Kwa anayeishi karibu na korongo, mambo machache yana uzito: kuelekeza maji ya paa kwenye pipa au mfereji uliojengwa badala ya ukingoni, kutotupa taka mtoni, na kumjulisha mkuu wa mtaa mara ufa unapoonekana ardhini. Ufa ukifika kwenye msingi wa nyumba, familia na ilale kwingine usiku huohuo. Ukingo hauporomoki kwa kubisha hodi.