Rafali mbili za Kolwezi: historia fupi ya kamera, lensi na picha zinazokimbia

KOLWEZI – Katika mji huu neno "rafali" lina maana mbili, na mzee na kijana hawalisikii sawasawa. Mzee aliyekuwa hapa mwezi Mei 1978 akilisikia anakumbuka risasi zilizofuatana bila kupumua, watu wamelala chini ya vitanda. Kijana anayepiga picha za ndoa kule Manika yeye anamaanisha kitu kingine kabisa: kukandamiza kitufe cha kamera mara moja na kutoka na picha 10 au 20 kwa sekunde. Kifaransa kinatumia neno hilo hilo kwa bunduki na kwa kamera, na Kiswahili cha Katanga kimelichukua na mizigo yake yote miwili.

Undugu huo wa kamera na bunduki haukuja kwa bahati. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 pembeni ya njia ya farasi. Farasi akipita anakata nyuzi, na kila uzi unafyatua kamera yake. Miaka minne baadaye, 1882, mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alikataa kubeba kamera 12. Alitengeneza bunduki kweli, yenye kitako na mtutu, ila ndani yake kulikuwa na lensi na sahani inayozunguka. Alimlenga ndege angani, akavuta kifyatulio, akapata picha 12 kwa sekunde moja. Kwa hiyo rafali ya picha ina umri kuliko Kolwezi yenyewe, maana mji huu ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937.

Lakini kamera iliyofika Katanga haikuwa ile ya Marey. Kati ya 1898 na 1900 afisa Mbelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi katika Katanga. Alikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Michel alifanya kazi kwa sahani za kioo: sahani moja, picha moja. Kioo ni kizito, kinavunjika, na kilibebwa na wapagazi kwa miguu. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo hapigi hovyo. Anachagua mahali, anasimamisha miguu mitatu ya kamera, anawaambia watu wasitikisike, ndipo anapiga. Picha hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Baadaye ikaja kampuni. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilipiga picha nyingi za migodi, mashine, kambi na wafanyakazi. Ukiziangalia, jambo moja linarudi: watu wamesimama. Wamepangwa mstari, mikono chini, macho mbele. Kusema kwamba kamera za wakati ule zilikuwa nzito ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Kufikia miaka ya 1930 kamera ndogo ya Leica, iliyotoka 1925, ilikuwa tayari inapiga picha za watu wakitembea katika mitaa ya Ulaya. Kampuni ilitaka kuonyesha Brussels idadi, afya na utaratibu. Mtu anayekimbia, anayecheka au anayegoma hakuwa katika oda. Mauaji ya wagomaji wa Union Minière kule Élisabethville, Desemba 1941, wengi wanayajua kwa mchoro wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyeyachora katika miaka ya 1970, zaidi ya kuyajua kwa picha yoyote ya kamera.

Mwana wa Lubumbashi aliyezigeuza picha zile ni Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1978. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi wa zamani katika picha za kampuni na kuwasimamisha katikati ya magofu ya Gécamines ya leo. Watu wale wale, msimamo ule ule, ila nyuma yao mabati yameoza na tanuri limezimika. Baadaye alikuja mpaka Kolwezi kupiga picha za machimbo ya mikono. Vijana wengi wa jimbo hili wanaotaka kuishi kwa kamera wamelisikia jina lake kabla ya kusikia jina la lensi yoyote.

Turudi 1978. Tarehe 13 Mei wapiganaji wa FLNC waliingia Kolwezi. Tarehe 19 wanajeshi wa miamvuli wa Ufaransa waliruka juu ya mji. Wazungu zaidi ya mia moja walikufa, na Wakongo kwa mamia. Magazeti ya Ulaya yalijaa maiti za Wazungu. Maiti za Wakongo zilionekana kidogo sana. Wakati ule mpiga picha wa vita angeweza kufunga mota chini ya kamera kama Nikon F2 na kupata karibu picha 5 kwa sekunde. Sasa fanya hesabu: filamu ina picha 36. Ukishikilia kitufe, ndani ya sekunde 7 filamu imekwisha, na unabaki umeinama unabadilisha roli huku mambo yanaendelea. Ndiyo maana hata mwenye mota alihesabu kidole chake. Rafali ilikuwa na bei, na bei ilimfundisha mtu kuangalia kabla ya kupiga.

Bei hiyo imeanguka. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, mwanzo wa kamera za kubadilisha lensi zisizo na kioo cha ndani, zile zinazouzwa hapa kwa jina la "ibride". Katika kamera ya zamani kuna kioo kinachopeleka mwanga kwenye jicho lako. Ukipiga, kioo kinaruka juu, kinashuka, na kila kuruka ni muda. Ukiondoa kioo, unaondoa mchezo huo. Mwaka 2017 Sony A9 ilifika picha 20 kwa sekunde bila sauti na bila jicho kuona giza katikati. Mwaka 2021 Nikon Z9 ilitoka bila hata mlango wa chuma ndani yake. Mwishoni mwa 2023 Sony ilitangaza A9 III: picha 120 kwa sekunde. Mara kumi ya bunduki ya Marey.

Na hapo Kolwezi inaingia katika habari kwa mlango mwingine. Kamera isiyo na kioo haionyeshi kitu bila umeme, kwa sababu unachokiona ni skrini. Inakula betri. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa Sony, na moja ya vyombo vya kwanza kuzitumia ilikuwa kamera ya video. Ndani yake kulikuwa na kobalti. Leo Kongo inatoa kiasi cha asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi hii ya Lualaba, kuanzia machimbo makubwa ya KOV na Mutanda mpaka mashimo ya kartie ya Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba ndani ya nyua na nyumba zao. Kijana anayelalamika kwamba betri yake imekwisha kabla ya keki kukatwa analalamikia, kwa namna fulani, udongo wa jirani yake.

Wengi wanaonunua kamera hizi wanaangalia namba ya rafali tu. Ni kosa la kawaida. Rafali haisimamishi mwendo. Kinachosimamisha mwendo ni muda ambao mwanga unaingia. Mchezaji wa mpira anahitaji sehemu 1 ya 1000 ya sekunde au hata fupi zaidi. Ukipiga picha 20 kwa sekunde kwa muda wa 1/60, unapata picha 20 zilizovurugika. Tena, picha 10 kwa sekunde, kila moja ya 1/1000, maana yake kamera imeona sehemu 10 tu kati ya 1000 za ile sekunde. Sehemu 990 zimepita bila kuonekana. Mguso wa kichwa na mpira unaweza kuangukia humo, na ndiyo sababu wapiga picha wazuri wa michezo bado wanabonyeza kwa kuusoma mchezo.

Kuna na mzigo wa kadi. Picha ghafi ya megabaiti 30, mara 20, ni megabaiti 600 kila sekunde. Kadi ya kawaida inayouzwa mjini haiandiki hata 100. Kamera inaweka picha kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ikijaa, inaganda, na bwana arusi anambusu bibi arusi mbele ya kamera iliyoganda. Kadi ya gigabaiti 64 inajaa kwa rafali ya chini ya dakika 2. Halafu kuna ugonjwa wa kupiga kimyakimya: kamera nyingi za bei ya chini husoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, basi mpira uliopigwa kwa nguvu unatoka kama yai na fimbo ya mpiga ngoma inapinda. Kwa kamera hizo, mlango wa chuma bado ni bora penye mwendo mkali.

Lensi, ambayo hapa watu wanasema "objektifu", ndiyo inayostahili fedha kwanza. Kati ya tundu la f/5.6 na f/2.8 kuna tofauti ya mwanga mara nne. Jioni ya saa kumi na mbili kiwanjani, mwenye f/2.8 atafanya kazi kwa 1/1000 pale mwenzake anaposhuka mpaka 1/250 na kupata miguu ya ukungu. Namba 20 kwa sekunde haitamwokoa huyo wa pili. Kuna lakini faraja kwa asiye na fedha. Kwa kuwa kioo hakipo, lensi inakaa karibu sana na sensa: milimita 18 kwa Sony, 16 kwa Nikon Z, wakati Nikon za zamani zilihitaji 46.5. Nafasi inayobaki inatosha kuweka pete ya kuunganishia. Milimita 50 aliyoiacha baba wa enzi ya Zaire inafanya kazi tena. Haijilengi yenyewe, kwa hiyo si ya mpira. Kwa picha ya bibi aliyekaa mlangoni inatosha sana.

Onyo la mahali: kamera hizi zikifunguliwa, mara nyingi sensa inabaki wazi. Wakati wa kiangazi, malori ya shaba na kobalti yanapita na vumbi jekundu linakaa hewani. Kubadilisha lensi kando ya barabara ya Likasi ni kualika vumbi hilo katika kila picha itakayofuata.

Lakini lensi inachagua kitu kizito kuliko mwanga: inachagua umbali. Mwaka 2022 picha za mgodi wa Shabara zilizunguka dunia, maelfu ya watu katika shimo moja, wamebanana kama siafu. Mpiga picha akisimama mbali na kutumia lensi ndefu, walioachana kwa mita nyingi wanaonekana wamegusana, kwa sababu ukiwa mbali tofauti ya mbele na nyuma inapungua. Idadi ni kweli. Kubanana kunaongezwa na mahali aliposimama mpiga picha. Mwenye milimita 35 analazimika kushuka mpaka pale mchimbaji anaposikia kitufe, anauliza "Unapiga ya nini?", na anaweza kukataa. Wafanyakazi wa Union Minière hawakuwa na nafasi hiyo, na mtu wa Shabara aliyepigwa kutoka juu ya ukingo hakuwa nayo pia.

Na mara nyingi umbali unachaguliwa na mlinzi. Kupiga picha mgodini bila kibali kunaweza kumgharimu mtu kadi yake, kamera, au usiku mmoja kituoni. Mwezi Juni 2019, udongo ulipowaangukia makumi ya wachimbaji katika eneo la KOV, mji ulipata habari kwa simu za mkononi. Mwenye lensi ya dola 2.000 hakuwa na njia ya kuingia nayo.

Kwa hiyo kamera za kasi za Kolwezi zinafanya kazi mahali zinaporuhusiwa: ndoa, ubatizo, sherehe za shule, mikutano ya makampuni. Jumamosi moja inaleta picha 3.000 au 4.000. Mteja anapewa 200. Zilizobaki zina shangazi aliyekuwa anafunga kilemba, watoto chini ya meza, mzee wa kazi ya Gécamines akiangalia pembeni, watu wasiojua kwamba wanapigwa. Ni picha ambazo Michel na sahani zake za kioo asingeweza kuzipata. Sahani za Michel zina zaidi ya miaka 120 na bado zipo. Diski ya nje ni ghali, na Jumatatu asubuhi kadi inasafishwa kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi.