Mwanafunzi wa kubadilishana Ujerumani: Miezi ya kwanza ina nini?

Kila mwaka wako vijana wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma Ulaya kwa muhula mmoja au miwili, kisha wanarudi kumalizia shahada zao nyumbani. Siku ya safari kuku huchinjwa, ndugu husindikiza hadi stendi, na kesho yake huingia ujumbe: "Nimefika salama." Wiki za mwanzo picha zinamiminika. Halafu simu zinaanza kuwa fupi. Mama akiuliza, "Mbona sauti imepooza?" anajibiwa, "Niko salama mama, ni uchovu tu."

Makala hii inaeleza kinachompata mwanafunzi huyo, kwa faida ya kijana anayejiandaa kuondoka na ya wazazi wanaobaki nyumbani. Mfano wetu ni Ujerumani.

Mwanafunzi wa kubadilishana ni nani?

Ni mwanafunzi anayebaki kwenye orodha ya chuo chake cha nyumbani, lakini anasoma kwa muda katika chuo kingine chenye makubaliano na chuo chake. Kwa kawaida halipi ada ya masomo katika chuo kinachompokea. Mpango unaojulikana zaidi ni Erasmus wa Umoja wa Ulaya, ulioanza mwaka 1987 kwa ajili ya nchi za Ulaya zenyewe. Siku hizi, kwa jina la Erasmus+, unapokea pia wanafunzi kutoka Afrika.

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi hujaza mkataba wa masomo. Unasainiwa na pande tatu: yeye mwenyewe, chuo chake na chuo kinachompokea. Humo zimeandikwa kozi atakazosoma na jinsi zitakavyohesabiwa akirudi. Karatasi hii ni ya kushikwa kwa mikono miwili. Akifika akakuta kozi imefutwa au imegongana na nyingine, ni lazima mkataba urekebishwe na kusainiwa upya mapema. Asipofanya hivyo, anaweza kurudi na alama nzuri ambazo chuo chake hakizitambui, akarudia muhula.

Wiki za kwanza: makaratasi

Ujerumani, mtu anayehamia kwenye makazi anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Wenyeji huita jambo hili Anmeldung. Mgeni huenda na pasipoti pamoja na barua ya mwenye nyumba au ya bweni, inayothibitisha kwamba anaishi hapo. Cheti anachopewa ataombwa kwenye ofisi nyingi, ikiwemo ofisi ya wageni inayotoa kibali cha kuishi. Kama viza yake ni fupi kuliko masomo, aombe miadi ya kibali hicho mapema, kwa sababu katika miji mingi foleni ni ndefu.

Bima ya afya nayo ni ya lazima. Bila uthibitisho wa bima chuo hakimsajili mwanafunzi. Akiumwa kawaida, anaanza kwa daktari wa mtaani na si hospitali kubwa. Kwa dharura, namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, na ya polisi ni 110.

Kwa kijana aliyezoea kwenda ofisini, kusalimia na kueleza shida yake hadi aeleweke, utaratibu huu unaweza kumuumiza. Kule mambo mengi huenda kwa miadi na kwa barua. Ofisa anayesema "hapana, karatasi moja imepungua" hana ugomvi na mtu. Ukirudi na karatasi hiyo, anakuhudumia.

Darasani: mambo yanayowapotosha wengi

La kwanza ni saa. Ratiba ikionyesha 10 na herufi c.t. pembeni, somo linaanza saa nne na robo asubuhi, si saa nne kamili. Hizo ni herufi za maneno ya Kilatini, na robo saa hiyo ni desturi ya zamani ya vyuo. Zikiwa s.t., basi ni saa nne kamili. Tena Mjerumani akisema "nusu ya nane" kwa lugha yake, ana maana ya nusu saa kabla ya nane yao, yaani saa moja na nusu kwa hesabu yetu. Wapo waliochelewa miadi kwa saa nzima kwa sababu ya neno hilo.

La pili ni alama. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Mzazi wa Tanzania anayejua kwamba Divisheni One ndiyo bora hatapata shida. Atakayeshangaa ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa kwenye vyuo vingi vya Tanzania wastani wa 5.0 ndiyo kilele.

La tatu ni uhuru. Katika kozi nyingi hakuna anayeita majina, na mara nyingi matokeo yote hutegemea mtihani mmoja au insha moja ya mwisho. Muhula kamili una krediti 30, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, nyingi zikiwa za kujisomea. Vyuo vingi pia humtaka mwanafunzi ajiandikishe kwa kila mtihani kabla ya tarehe fulani. Tarehe ikipita, hafanyi mtihani, hata kama hakukosa kipindi hata kimoja.

La nne ni kusema. Kwetu, kunyamaza mbele ya mwalimu ni adabu. Katika semina za Ujerumani, anayenyamaza muhula mzima anaweza kudhaniwa hajasoma. Kumuuliza profesa swali, hata kumpinga kwa hoja, hakuhesabiwi kuwa ukosefu wa heshima. Heshima iko kwenye namna ya kumwita: hutumia cheo na jina la ukoo, pamoja na "wewe" ya heshima, Sie. Na mhadhara ukiisha, wanafunzi wakianza kugonga meza kwa vidole, mgeni asishtuke. Hayo ndiyo makofi yao.

Giza, baridi na ukimya

Muhula wa baridi huanza Oktoba, na vipindi vyenyewe huanza katikati ya mwezi huo. Kwa hiyo mwanafunzi anaingia mwaka ukielekea gizani. Mjini Berlin mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana una saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, anaweza kuingia darasani gizani na kutoka gizani. Usingizi unavurugika na mwili unakuwa mzito. Kutoka nje mchana, hata kwa nusu saa, kunasaidia. Koti zuri na viatu visivyopitisha maji havipaswi kusubiri mwezi wa pili.

Ukimya nao una uzito wake. Ndani ya basi watu hawasalimiani. Mtu anafungua chakula chake mbele yako, anakula hadi anamaliza, na hakuambii "karibu". Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na kupiga muziki kwa sauti siku hiyo au baada ya saa nne usiku kunaleta malalamiko ya majirani. Rafiki hapiti kwako bila taarifa. Anakuuliza, "Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na moja, utakuwa na nafasi?" Mgeni huona hiyo ni baridi ya moyo. Lakini aliyekupa Alhamisi kwa kawaida anaitunza, na anatarajia na wewe uitunze.

Pia kuna ubaguzi wa rangi. Wengine hukutana nao wakitafuta chumba, wengine ndani ya treni, wengine hawakutani nao waziwazi. Mwanafunzi asiumeze peke yake. Vyuo vina ofisi za ushauri, na serikali ya shirikisho ina ofisi maalumu ya kupinga ubaguzi inayotoa ushauri bila malipo.

Hali hii ina jina

Mwaka 1954, mjini Rio de Janeiro, mtaalamu wa mila na jamii Kalervo Oberg alitoa mhadhara kuhusu hali hii, na mwaka 1960 maelezo yake yalichapishwa. Oberg aliijua Afrika Mashariki, kwa kuwa kabla ya hapo alifanya utafiti Ankole, nchini Uganda. Alisema mtu hufadhaika ugenini kwa sababu amepoteza alama ndogo ndogo za kila siku: namna ya kusalimia, ya kununua, ya kujua kama mwenzako anatania au amekasirika. Nyumbani mambo hayo tunayafanya bila kufikiri. Ugenini kila kimoja kinahitaji akili, na jioni mtu amechoka bila kubeba hata ndoo.

Oberg alitaja hatua nne: furaha ya mwanzo, kisha kipindi cha dhiki na hasira, kisha kuanza kuelewa, na mwisho kuzoea. Si kila mtu hupita njia hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliowafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, uliona kwamba wao waliumia zaidi pale mwanzoni kabisa. Kwa hiyo anayelia wiki ya kwanza hana kasoro, na anayelia mwezi wa tatu hajashindwa. Wengi wao hupata nafuu kadiri wanavyojifunza lugha, njia na watu.

Lugha ndiyo mlango wa haraka. Kozi inaweza kufundishwa kwa Kiingereza, lakini jikoni bwenini watu wanaongea Kijerumani. Na mwenye Kiswahili haendi mikono mitupu. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Ujerumani kama Leipzig, Bayreuth na Hamburg. Mwanafunzi wa Kijerumani anayehangaika na ngeli za Kiswahili atafurahi kumpata mtu wa kuongea naye, saa moja Kiswahili na saa moja Kijerumani. Urafiki mwingi umeanzia hapo.

Fedha: "Yuko Ulaya, hawezi kukosa"

Hapa ndipo palipo na mzigo ambao watu wa nyumbani hawauoni. Asiye na barua ya ufadhili mara nyingi hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu katika akaunti iliyofungiwa kabla ya kupewa viza. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na benki humwachia 992 tu kwa mwezi. Ukizibadilisha kwa shilingi, zinaonekana nyingi. Lakini humo humo kuna kodi ya chumba, ambayo bwenini mara nyingi ni euro 250 hadi 400 na katika miji mikubwa huzidi, bima ya afya ya euro 140 hivi au zaidi, chakula, simu, na nguo za baridi ambazo hakuwa nazo.

Sheria inamruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Aliyekwenda kwa muhula mmoja, bila Kijerumani na akiwa na mitihani Februari, hapati nafasi ya kufanya kazi nyingi. Kila ujumbe wa "tuma hata kidogo" unamkuta akihesabu senti. Wapo wanaokula mlo mmoja ili watume, halafu wanawaambia wazazi kwamba wameshiba.

Ninyi mliobaki nyumbani

Kaeni kikao kabla ya safari. Baba, mama, wajomba na shangazi wasikie kwa pamoja kwamba fedha hizo ni za masomo, na kwamba hakuna atakayedai chochote hadi mtoto arudi.

Chagueni siku ya kupiga simu. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Saa tatu usiku kwetu ni saa moja jioni kwao wakati wa baridi.

Mwulizeni mambo madogo: umekula nini, jirani yako anaitwa nani, leo umecheka na nani. Swali la "unaendeleaje?" hujibiwa "salama", na mazungumzo yanaishia hapo. Bando likipungua, mtumieni ujumbe wa sauti.

Kubalianeni mapema kuhusu habari nzito. Familia nyingi huficha msiba ili mtoto asiharibikiwe na mitihani, naye akarudi na kukuta kaburi. Mwulizeni mwenyewe kabla hajaondoka: likitokea jambo, akuambie nani, na lini?

Na zijueni dalili za hatari. Akisema kwa zaidi ya wiki mbili kwamba halali, hali au haendi darasani, mhimizeni aende kwa washauri wa chuo. Huduma hiyo ipo, mara nyingi ni bure, na siri yake inatunzwa. Akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake: mwambieni apige 112 au amwite jirani wa bwenini hapo hapo, na ninyi mbaki naye kwenye simu.

Kurudi nako kuna ugeni wake

Mwaka 1963 watafiti wawili, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kwamba anayerudi kutoka ugenini anaweza kufadhaika tena nyumbani. Atakasirikia basi linalochelewa, na atatamani utulivu wa chumba chake cha kule. Mkimwambia "umekuwa Mzungu", atanyamaza. Mpeni muda aeleze aliyoyaona, mazuri na machungu. Na siku hiyo hiyo mkumbusheni kupeleka matokeo yake na ule mkataba wa masomo chuoni kwake, ili muhula wake uhesabiwe.