Tahadhari, Hawala na Kuchelewa kwa Msaada: Baa la Njaa la Somalia, 2010–2012

Maandishi mengi kuhusu misaada ya kibinadamu katika Pembe ya Afrika huchukulia uhaba wa chakula kuwa ndicho kikwazo kikuu. Makala hii inatumia mfano wa Somalia ya kusini kuonesha kwamba uamuzi uliochelewa uliua hata pale taarifa zilipokuwapo.

Wachambuzi wa usalama wa chakula walianza kutoa tahadhari Agosti 2010. Mvua za Deyr za mwisho wa mwaka huo zilikosekana, na zile za Gu za mwaka 2011 zikawa haba. Hata hivyo, fedha nyingi za wahisani zilitolewa baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011, ilhali vifo vilikuwa vimeanza kuongezeka miezi kadhaa kabla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, takribani nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu za kisiasa. Januari 2010, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha kazi zake katika sehemu kubwa ya kusini kutokana na vitisho na masharti ya al-Shabaab. Kwa upande mwingine, sheria za Marekani dhidi ya ugaidi ziliyatia mashirika hofu ya kushtakiwa endapo msaada ungeangukia mikononi mwa kundi hilo.

Njia ya mazoea ilipoziba, mashirika kadhaa yaligeukia fedha taslimu na vocha, yakitumia mawakala wa hawala waliokuwa wakiaminiwa na wananchi. Masoko yalikuwa bado yanafanya kazi, hivyo familia zilinunua chakula na kulipa madeni. Udhaifu haukukosekana: katika kambi za waliohama makazi, wasimamizi wenye nguvu walijitwalia sehemu ya msaada.

Ukame uliporejea mwaka 2017, fedha zilitolewa mapema zaidi na baa la njaa halikutangazwa. Ulinganisho huu unadokeza kwamba ubora wa msaada hupimwa pia kwa wakati wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2011 ufa ulionekana, ukaachwa. Kwa hiyo, tahadhari inapaswa kufungamanishwa na fedha zilizokwisha kutengwa, zitolewe kabla ya tangazo lolote.